Mali Bila Daftari

Wazee wetu wa pwani walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii umeisikia mara nyingi, msomaji, na pengine umeiandikia insha ukapewa alama nzuri. Walakini aghalabu huifasiri kwa fedha peke yake. Humfikiri mwenye duka asiyeandika madeni yake, au mrithi asiyejua mipaka ya shamba la babaye. Leo nataka kuichukua methali hii mbali kidogo na duka na shamba. Nataka kusema kuwa mali kubwa tunayoipoteza bila habari ni elimu: elimu tuliyoitafuta wenyewe, tukaiandika wenyewe, kisha tukaitupa wenyewe.

Nitaanza na jambo lililonifika. Jioni moja nilishuka katika kituo cha matatu cha Magongo, nikanunua njugu za shilingi ishirini. Muuzaji alizifunga katika karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, kama ilivyo desturi. Nilipokwisha kula niliikunjua karatasi ile, maana si tabia ya mwalimu kuona maandishi akayapita. Ilikuwa ukurasa wa 31 wa kazi ya utafiti ya mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Muhuri wa chuo ulikuwapo chini ya ukurasa, nami niliujua vizuri, kwa kuwa chuo hicho ndicho kilichonifunza kazi. Mwandishi alikuwa amekusanya vitendawili vya Kirabai kwa bibi yake na kwa wazee wenziwe bibi huyo. Vitendawili kumi na viwili vilikuwa juu ya ukurasa ule, kila kimoja kimeandikwa kwa Kirabai na kwa Kiswahili, na chini kabisa palikuwa na maneno haya: majibu, tazama ukurasa wa 32.

Nilirudi kwa muuza njugu, nikamwuliza kama alikuwa na ukurasa wa 32. Alicheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, karatasi mimi hununua kwa kilo. Hiyo uitakayo labda mtu ameondoka nayo kwenda Miritini." Hakuwa na kosa mtu yule. Alinunua karatasi kama karatasi, na aliyemwuzia alimwuzia karatasi. Kosa lilikuwa kwetu tuliojua kusoma.

Nilianza kuingiwa na wasiwasi kwa ajili yangu mwenyewe. Mimi pia niliandika kazi ya utafiti katika chuo kile. Kwa muda wa likizo mbili nilikaa na mzee mmoja mvuvi wa hori la Port Reitz, si mbali na hapa Magongo. Alinifunza tofauti ya bamvua na maji mafu, jinsi dema linavyosukwa, na jinsi uzio unavyosimamishwa penye mikoko. Hayo hayakuwa ya ajabu, kwani yamo katika kamusi na vitabu. La ajabu lilikuwa majina. Mzee yule alijua jina la kila mkondo, kila mwamba na kila kona ya hori lile, pamoja na sababu ya jina. Alinitajia samaki gani hupatikana wapi, mwezi gani na kwa upepo gani. Niliyaandika yote kwa mkono wangu, nikachora na ramani, nikayaambatisha mwisho wa kazi yangu. Chuo kiliipokea, kikaipiga muhuri, kikanipa alama, nikaondoka na cheti changu kwa furaha.

Baada ya siku chache nilikwenda chuoni kuuliza. Nilijibiwa kwa upole kuwa kazi za miaka ile ziliondolewa stoo ili kupisha viti vipya. Nakala yangu ya kompyuta ilikuwa ndani ya flashi, na flashi ile iliharibika zamani. Ramani na majina sikupata kuyatia hata katika flashi. Mzee naye amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Leo nikisimama kando ya hori lile nakumbuka majina manane au tisa tu, na sina yakini hata na hayo. Mzee alinipa amana, nami niliipeleka mahali nilipodhani kuwa ni benki, kumbe ni jaa.

Nakwambia habari hii, msomaji, wala sina nia ya kukitia aibu chuo kilichonilea. Nataka uione hasara ilivyo. Nyumba ikiungua moshi huonekana, na watu hukimbilia na ndoo. Elimu ikipotea hapana moshi. Hapana anayelia, kwa sababu hapana ajuaye kilichopotea. Hiyo ndiyo maana ya maneno "bila habari" katika methali yetu.

Sikupenda kukaa na majuto bure. Nilitaka kujua wenzetu wa ng'ambo hufanyaje na maandishi ya vyuo vyao, nikasoma habari za hazina za utafiti zilizoenea katika vyuo vikuu vya Ulaya tangu mwanzo wa karne hii. Hazina ya utafiti ni maktaba isiyo na kuta. Chuo huweka katika kompyuta zake nakala ya makala na tasnifu zilizoandikwa na watu wake. Kila kazi huandikiwa jina lake, mwandishi wake, tarehe yake na anwani ya kudumu isiyobadilika. Kisha mlango hufunguliwa katika intaneti, ili kila mwenye haja asome bila malipo. Kijana wa Magongo mwenye simu mkononi aweza kusoma leo tasnifu iliyoandikwa Uholanzi au Ureno, pasipo kuomba ruhusa kwa mtu.

Usidhani kuwa watu wa Ulaya waliamka asubuhi moja wakajikuta wakarimu. Walisukumwa na dhiki. Desturi ya zamani ilikuwa hivi: mwanazuoni aliandika makala bila kulipwa na jarida, wanazuoni wenziwe waliipima na kuisahihisha bila kulipwa, kisha mwenye jarida aliiuza kwa maktaba ya chuo kilekile kilichomlipa mwanazuoni mshahara. Bei ya majarida ilipanda mwaka hata mwaka, hata vyuo tajiri vikaanza kushindwa. Fikiri juu ya mkulima anayepeleka mahindi yake mwenyewe kwenye ghala la mtu, kisha anarudi kuyanunua kwa bei ya njaa. Ndivyo walivyokuwa.

Basi walianza kutafuta njia. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg, aliyekuwa Los Alamos, Marekani, alianzisha hazina ambamo wanafizikia waliweka makala zao ili wenzao wazisome mara moja. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kilitoa programu iitwayo EPrints, ambayo chuo chochote kingeweza kuitumia kujengea hazina yake. Mwaka 2002 chuo cha MIT na kampuni ya Hewlett-Packard, huko Marekani, walitoa programu nyingine, DSpace. Mwaka huohuo lilitangazwa Tamko la Budapest, na mwezi wa Oktoba 2003 likafuata Tamko la Berlin, yote mawili yakitaka elimu ya utafiti iwe wazi kwa watu wote.

Lakini matamko hayajazi ghala. Hazina nyingi za kwanza zilisimama tupu kama nyumba mpya isiyopata mpangaji. Wanazuoni walizisifu, wakapita mlangoni pasipo kuweka kitu. Kila mmoja alikuwa na shughuli, na kila mmoja alisema ataweka kesho. Ni chuo cha Liège, nchini Ubelgiji, kilichoonyesha dawa. Mwaka 2007, chini ya mkuu wake Bernard Rentier, chuo hicho kilitoa kanuni ya kuwataka walimu wake waweke kazi zao katika hazina, na hazina yenyewe, iitwayo ORBi, ikafunguliwa mwaka 2008. Kanuni ile ilikuwa na meno: wakati wa kumfikiria mwalimu kwa kumpandisha cheo, maandishi yatakayotazamwa ni yale tu yaliyomo katika hazina. Kazi isiyowekwa ilikuwa kama kazi isiyofanywa. Miguu iliyokuwa mizito ikawa myepesi, na ghala likajaa. Uingereza nayo, tangu Aprili 2016, ilitaka makala za majarida ziwekwe katika hazina ili zikubaliwe katika upimaji mkuu wa utafiti wa vyuo vyake.

Tazama vizuri hapo, msomaji, maana hapo ndipo penye neno langu. Watu wengi hudhani kuwa Ulaya imetupita kwa mitambo. Mitambo hiyo tunayo, au twaweza kuipata. Nchini kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Kenyatta vina hazina za namna hii, na hapa Mombasa Chuo Kikuu cha Kiufundi nacho kimeingia safari hiyo. Nawapa heko. Lakini elimu ya nchi haiandikwi katika vyuo vikuu peke yake. Huandikwa pia katika vyuo vya ualimu, vyuo vya ufundi na shule kama yako, na mengi ya maandishi hayo huishia stoo. Kilichomjaza Mbelgiji ghala lake ni kanuni moja fupi: kazi haijamalizika mpaka iwekwe mahali inapoweza kupatikana. Kanuni hiyo haina haja ya kuletwa kwa meli.

Najua kuwa wako watakaonipinga. Hoja zao nimezisikia katika vyumba vya walimu na katika mabaraza, nami sitazikwepa.

Wa kwanza husema, "Kazi za wanafunzi ni hafifu. Kwa nini tuhifadhi makosa?" Neno hili lina sura ya ukweli. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa na makosa mengi ya sarufi, na utangulizi wake nikiukumbuka naona haya. Lakini mzee wa Port Reitz hakuwa hafifu. Bibi wa Rabai aliyetoa vitendawili hakuwa hafifu. Alama ya mwalimu hupima maandishi ya mwanafunzi. Haipimi maneno ya mzee yaliyomo ndani yake. Mtu akiletewa lulu katika kikapu kibovu, hulaumu kikapu na kuhifadhi lulu. Sisi tumekuwa tukilaumu kikapu na kukitupa na lulu yake.

Wa pili husema, "Tukiweka kazi wazi zitaibwa." Mimi nasema kuwa mwizi hupenda giza. Kazi iliyofungiwa kabatini, ambayo hapana aijuaye ila mwandishi na msimamizi wake, ndiyo rahisi kuibwa, kwa kuwa mwenyewe hana shahidi. Kazi iliyomo katika hazina wazi ina jina la mwandishi na tarehe ya kuwekwa. Atakayeinakili na kujifanya ni yake ataumbuliwa na kila msomaji atakayezilinganisha. Ikiwa kijana anaogopa kuibiwa, basi na akimbilie mwangani.

Wa tatu husema, "Hatuna fedha." Nami sitasema kuwa hazina haina gharama. Inataka kompyuta, inataka umeme, inataka mtu wa kuiangalia kila siku, na inataka nakala za akiba mahali pengine. Lakini programu za EPrints na DSpace hutolewa bure. Iko pia hazina iitwayo Zenodo, iliyofunguliwa mwaka 2013 na kutunzwa na CERN, kituo cha fizikia kilicho karibu na Geneva. Hiyo hupokea kazi za watafiti wa nchi zote bila malipo. Chuo kisichoweza kujenga ghala lake chaweza kuanza kwa kuweka mzigo wake katika ghala la jirani. Tena fikiri: mwanafunzi tayari amelipa kuchapa kazi yake, amelipa kuijalidi, na amelipa nauli ya kuipeleka. Gharama kubwa ya elimu ile imekwisha lipwa. Tunakataa kulipa kidogo cha mwisho, na kwa kukataa kidogo hicho tunapoteza chote. Huyu ni mtu aliyejenga nyumba ya mawe akakataa kununua kufuli.

Wa nne ndiye nimwogopaye kuliko wote, kwa sababu husema kwa utulivu na watu humwamini. Husema, "Wazungu wamekwisha tuhifadhia. Tukitaka mambo yetu tutayakuta kwao." Neno hili nalo lina ukweli ndani yake, nasi si watovu wa shukrani. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake yangaliweza kufa na wale walioyahifadhi kwa ghibu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa kushirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1880. Karatasi za Taylor zilifika London, katika chuo kiitwacho SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alichapisha Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka. Maneno yaliyosemwa katika mitaa ya Mombasa yalipita London na Johannesburg kabla ya kuturudia katika kitabu cha kwetu.

Wengi hutaja habari hii kumsifu Taylor, na sifa yake anastahili. Lakini mimi nakutaka umtazame Sikujua. Ikiwa yeye asingalijua mashairi yale, na asingalikubali kukaa na kalamu, Taylor angalirudi kwao na mikono mitupu. Hazina ya London ilianza na mtu mmoja wa Mombasa aliyeona kuwa jambo lastahili kuandikwa. Sasa niambie, ni Taylor gani atakayekuja Magongo kununua njugu ili apate ukurasa wa 31? Wageni huchukua wanachokijua na kukipenda, nasi hatuna haki ya kuwadai zaidi. Majina ya miamba ya hori letu hapana ajuaye kuwa yapo ila sisi.

Tena nyumba moja, hata ikiwa ya mfalme, haitoshi. Mnamo Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza huko London ilishambuliwa na wezi wa kompyuta, na huduma zake nyingi za intaneti zilifungwa kwa miezi mingi. Maktaba hiyo ndiyo yenye mpango wa kuokoa hati zilizo hatarini, mpango ambao kwa msaada wake hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha. Kwa bahati njema kanuni ya mpango huo ni kuwa hati zenyewe hubaki katika nchi yake, na nakala huachwa hukohuko. Basi London ilipofunga mlango, hati za Lamu zilikuwa bado Lamu. Na tusidhani kuwa hatari iko Ulaya tu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliingia katika maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa vitabu juu ya Afrika. Hekima ya mambo haya ni moja: kitu cha thamani kikae pawili au patatu, na pamoja kati ya hapo pawe kwetu. Wazee walikwisha tuonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Jirani zetu wametupa mfano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wa hati za Kiswahili na Kiarabu uliokusanywa kwa kwenda nyumba hata nyumba katika pwani hii. Orodha yake, iliyotungwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Hati zimekaa Afrika Mashariki, na orodha imekwenda ulimwenguni kuwaambia watu mahali zilipo. Huo ndio mwendo mzuri: mali iko nyumbani, na daftari liko wazi kwa kila mtu.

Kabla sijamaliza yanipasa kuweka mpaka, kwa sababu jambo jema likipita kiasi huwa ovu. Si kila neno linalojulikana ni la kutangazwa. Kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, zina mambo ambayo wazee huyatunza kwa siri, na siri hiyo ni sehemu ya uhai wake. Mganga naye ana haki juu ya dawa aliyorithi, isije ikawa leo ameisema kwa mtoto wa jirani na kesho kampuni ya mbali imeichukua kuwa yake. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2016 juu ya kulinda maarifa ya jadi imelitambua jambo hili, na inataka maarifa hayo yaandikwe katika rejista na hazina huku haki za jamii zikilindwa. Basi atafutaye elimu kwa mzee na amwulize kwanza maswali mawili: naruhusiwa kuandika? Naruhusiwa kuwaonyesha wengine? Akikataa, mheshimu. Siri aliyoilinda mwenyewe ni mali yake. Lakini mzee akisema, "Andika, mwanangu, wapate kujua na wengine," nasi tukaandika kisha tukauza kwa kilo, tumevunja ahadi.

Wewe msomaji hujawa mkuu wa chuo. Huwezi leo kutoa kanuni kama ya Liège. Pengine waona kuwa maneno yangu yanawahusu wakubwa tu. La, hasha. Wakubwa wa kesho wako darasani leo, na desturi hujengwa ungali mdogo. Ukipewa kazi ya kuwauliza wazee habari za kale, usiifanye kwa ajili ya alama peke yake. Andika jina la mzee ikiwa ameridhia, mahali ulipozungumza naye na tarehe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea, hata kama ni Kirabai, Kiduruma au Kigiriama, ndipo uyafasiri. Fanya nakala mbili. Moja ibaki nyumbani kwa mzee, maana ni yake. Nyingine mpe mkutubi wa shule, na umwombe aiandike katika orodha. Ukifika chuo, uliza siku ya kwanza: kazi zetu huwekwa wapi, na mtu akizitaka baada ya miaka ishirini atazipataje? Ukijibiwa kuwa huwekwa stoo, usinyamaze. Uliza tena kwa adabu, na kesho uliza tena.

Nami nimeanza kwa kidogo niwezacho. Ukurasa wa 31 niliupeleka darasani, ungali na madoa ya mafuta ya njugu. Niliwasomea wanafunzi wangu vitendawili vile kumi na viwili, nikawaomba wenye wazee wa Kirabai waende nyumbani wakaulize. Wengine walicheka, lakini walikwenda. Baada ya wiki tatu tulikuwa na majibu ya vitendawili saba. Viwili katika hivyo vilipata majibu mawili tofauti, kutoka kwa mabibi wawili wasiojuana, nasi tuliyaandika yote mawili. Daftari lile liko katika maktaba ya shule, na nakala yake iko kwangu, na nyingine katika kompyuta ya mwalimu mwenzangu.

Vitendawili vitano bado havina majibu. Yamkini yuko mtu kati ya Magongo na Rabai anayeyajua, na yamkini ni mzee sana. Ikiwa nyumbani kwenu yuko bibi wa namna hiyo, mwulize leo, usimngoje kesho. Na akikujibu, andika. Na ukiandika, weka mahali ambapo mwenzako atapata.